Mfukoni mwa Anayepanda Kilimanjaro

Msikilizaji, tangazo la kupanda Mlima Kilimanjaro kwa sikukuu ya Uhuru umelisikia, na ubishi wake umeusikia pia: gharama, njia, nani aende na nani abaki. Hayo hatuyarudii. Kinachotutia wasiwasi hapa kituoni ni jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Mfukoni mwa huyo anayepanda mtakuwa na nini cha kula?

Safari ikikaribia tunaulizana buti, koti, glovu na tochi ya kichwani. Chakula tunamwachia mpishi. Mpishi hatuna ugomvi naye, anapika vizuri. Lakini kati ya kambi ya Kibo na Kilele cha Uhuru mpishi hayupo. Saa nane za usiku, kwenye changarawe inayoteleza, baridi chini ya sifuri na tumbo limegoma, mpishi hayupo. Una mfuko wako tu.

Na wengi mfuko huo tunaujaza biskuti na pipi. Geuza pakiti usome nyuma: viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta sukari ndiyo ya kwanza, umenunua pipi, hata kama mbele wamechora mlima. Wenye uwezo zaidi wananunua vile vipande vya nafaka na karanga kutoka ng'ambo, vilivyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Navyo visome. Karanga, korosho, ufuta, tende, asali. Korosho ipo Mtwara na Lindi, ufuta uko huko huko kusini, asali iko Tabora na Singida. Tunanunua vyetu kwa bei ya wageni!

Hapa tunarudi kwenye neno letu la kila msimu wa minada ya korosho, na hatutachoka kulisema. Korosho inaondoka ghafi. Sehemu kubwa inapakiwa melini ikiwa bado ndani ya ganda, inakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera yetu pale kileleni. Leo tunapanda kuikumbuka siku hiyo, na kitafunio kilicho mfukoni si chetu. Korosho inaondoka ghafi, na mlimani tunatafuna ya watu.

Tuseme basi nini kibebwe. Gramu 100 za karanga zina kalori zipatazo 570 na protini isiyopungua gramu 20. Korosho haiko mbali. Ugali wa uzito huo huo haufiki theluthi ya kalori hizo, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Kwa anayebeba mzigo wake mgongoni, hesabu hiyo ni kubwa. Siku za chini, kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, kisha ya Horombo, tafuna korosho na karanga njia nzima. Ila karanga zichambuliwe. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, itupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haimalizwi kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Ukishavuka Horombo, mambo yanabadilika. Kileleni, mita 5,895, oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni kama nusu ya ile ya Tanga. Mwili unahitaji oksijeni nyingi zaidi kupata nguvu kwenye mafuta kuliko kwenye wanga na sukari, na tumbo lenyewe halitaki kazi nzito. Huko sasa ni zamu ya tende, ndizi zilizokaushwa na kashata. Ndiyo, kashata ile ile ya karanga au ya ufuta inayouzwa kwenye sinia kituo cha basi. Ikate vipande vidogo kabla ya kuondoka, uviweke mfuko wa ndani kabisa karibu na mwili, maana kwenye begi vitakuwa vigumu kama jiwe. Kila nusu saa kipande kimoja na maji kidogo. Usisubiri njaa. Kule juu njaa haiji, kinachokuja ni kichefuchefu.

Halafu kuna wagumu, wale wapagazi wa mlimani. Mgumu anabeba hadi kilo 20 za mzigo wa safari, mbali na vitu vyake mwenyewe, na anatakiwa afike kambini kabla ya mgeni. Wapo wanaokunywa uji asubuhi na kula ugali jioni, na katikati hakuna kitu. Mchana kutwa, hakuna kitu! Mgeni anasimama, anafungua pakiti, anatafuna, na aliyebeba hema lake anapita na tumbo tupu. Hatukubali. Mtu anayefanya kazi nzito kuliko wote mlimani hawezi kuwa ndiye anayekula kidogo kuliko wote.

Kwa hiyo tunawaambia wenye kampuni za utalii: kila mgumu apewe korosho na kashata zake asubuhi, mkononi, kabla hajanyanyua mzigo. Msimkate kwenye posho yake. Nunueni kwa akina mama wanaobangua Newala na Tandahimba, mlipe bei nzuri, mlipe kwa wakati. Nanyi mnaopanda, acheni biskuti dukani. Agizeni korosho iliyobanguliwa nchini, na muulize muuzaji imebanguliwa wapi. Nanyi wakubwa mtakaopigwa picha mbele ya lango la Marangu, mkitoka hapo nendeni Mtwara mkatuambie viwanda vyote vya kubangua vitafanya kazi lini. Korosho inaondoka ghafi! Minada inaendelea, meli zinapakia, na Desemba 9, sikukuu yenyewe ya Uhuru, haiko mbali. Agizeni wiki hii.