Serikali Ikiibana Kampuni: Funzo la Thange
Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Wamunyu

Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi halipiti Wamunyu. Lakini malori ya mafuta yanayoelekea Kitui yanapita hapa kila siku, na mto Athi mnaouvuka mkienda Kwa Vonza ndio huohuo unaopokea maji ya mto Thange kule chini, Makueni. Kwa hiyo habari ya Thange si ya jirani peke yake.

Mei 2015 bomba kuukuu la kampuni ya Kenya Pipeline, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja karibu na Thange, Kibwezi. Petroli ikaingia kwenye mto na visima. Waliokuwa wakinyunyizia nyanya na sukuma wiki wakabaki na maji yasiyofaa shamba, mifugo wala mtu. Kampuni ilileta maji kwa malori na kuanza kusafisha udongo. Fidia ndiyo iliyokwama. Viongozi wa Makueni walipaza sauti, suala likafika Seneti, kisha mahakamani. Julai 2025, miaka 10 baadaye, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru zaidi ya wakazi 3,000 walipwe takriban shilingi bilioni 3.8.

Miaka 10! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mafuta yalipovuja alikuwa amemaliza shule ya msingi kabla ya uamuzi kutolewa.

Linganisheni na Marekani. Aprili 2010 kisima cha kampuni ya BP kililipuka katika Ghuba ya Mexico, wafanyakazi 11 wakafa. Katikati ya Juni Rais Obama aliwaita wakuu wa kampuni hiyo Ikulu, wakakubali kutenga dola bilioni 20 za fidia chini ya msimamizi asiye mtu wao. Kesho yake mbunge Joe Barton wa Texas aliiomba BP radhi, akidai kwamba serikali imeipokonya kampuni mali kwa vitisho. Chama chake mwenyewe kilimkaripia, naye akayafuta maneno yake siku hiyohiyo.

Wengi walimcheka Barton, lakini swali lake halikuwa la kipuuzi. Rais akiweza kuibana kampuni bila hukumu leo kwa ajili ya wavuvi, kesho mwingine ataibana kwa ajili ya marafiki zake. Jibu ni kuweka shinikizo mahali ambapo kila mtu analiona: kiasi kitangazwe, msimamizi awe huru, na mlango wa mahakama ubaki wazi. Kule, aliyepokea malipo ya dharura hakupoteza haki ya kushtaki. Aliyepokea malipo ya mwisho ndiye aliyetia sahihi kuiacha.

Thange kulikuwa na fundo jingine. Kampuni iliyovujisha mafuta ilikuwa mali ya serikali. Wizara iliyopaswa kuibana ndiyo iliyoisimamia, na serikali ya kaunti haina mamlaka ya kufunga bomba la kitaifa. Mkono wa kulia haukuwa na haraka ya kuukamata wa kushoto. Ndiyo maana msukumo ulilazimika kutoka kwa wananchi.

Na Katiba imewapa nguvu hiyo. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Asiye na shamba kando ya mto anaweza kumsemea aliye nalo.

Ila mahakama hutaka ushahidi, na ushahidi wa maji hupotea upesi kwa mvua moja tu. Lori likipinduka hapa barabarani, kaeni mbali na mafuta, msichote hata kidogo. Piga picha ukiwa mbali, andika tarehe na saa, mjulishe chifu, afisa wa mazingira wa kaunti na NEMA siku hiyohiyo, kisha mwombe afisa achukue sampuli ya maji mbele ya mashahidi. Nakala ya kila barua ibaki nyumbani kwako.