Kumbukumbu za Wagonjwa Zinavyoifunza Kompyuta

Kumbukumbu za mgonjwa ni yale yanayoandikwa hospitalini kila siku: umri, dalili, vipimo, dawa, na kama alipona. Zikiondolewa majina na kukusanywa kwa wingi, watafiti huzitumia kuifunza kompyuta. Kwa mfano, kwa kifua kikuu, kompyuta huonyeshwa picha nyingi za eksirei, za wagonjwa na za wasio wagonjwa, mpaka iweze kuzitofautisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta za aina hiyo kwa uchunguzi wa watu wa miaka 15 na kuendelea. Ni msaada mkubwa pale ambapo daktari wa kusoma eksirei hayupo. Hata hivyo, kipimo cha makohozi bado kinahitajika ili kuthibitisha ugonjwa.

Kompyuta hujua kile tu ilichofunzwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulichunguza programu iliyokadiria hali ya mgonjwa kwa kuangalia gharama za matibabu yake. Fedha kidogo zilikuwa zimetumika kuwatibu wagonjwa Weusi, basi programu ikawaona wana nafuu kuliko walivyokuwa. Ni kosa zito, kwa sababu waliohitaji huduma zaidi waliachwa nyuma. Kumbukumbu zikiwa na kasoro, kompyuta hujifunza kasoro hiyo.

Kwa hiyo, kila anayekwenda kliniki abebe kadi yake. Ataje umri wa kweli na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Akiombwa kushiriki utafiti, aulize: nani atazitumia taarifa hizi? Jina litaondolewa? Ana haki ya kukataa, na akikataa bado anastahili kutibiwa.