Askari wa Keya na Kazi ya Ufundi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbeya)



Tumeombwa kunena habari za mtu aliyeweka bunduki chini akashika spana. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Kwetu sisi ni babu. Twamleta mbele yenu kwa sababu sisi ni watu wa kalamu, na habari zake zatuhusu sana.

Kwanza yafaa tukumbuke wakati wake. Katika vita ya 1939 hata 1945, watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Wengi wakisikia neno Keya hufikiri bunduki tu. Lakini jeshi haliendi kwa bunduki peke yake. Walikuwamo madereva, mafundi wa magari, waashi, maseremala, wapiga simu na wapishi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambamo zilikuwamo batalioni za 26 na 36 za Tanganyika, ilishuka bonde la Kabaw katika nchi ya Burma wakati wa mvua kubwa. Njia yote ilikuwa tope; ilibidi magogo yalazwe ubavu kwa ubavu ili malori yapite. Mwezi wa Desemba mji wa Kalewa ulitwaliwa, na juu ya mto Chindwin mafundi wa jeshi wakatandika daraja la chuma lenye kuelea, urefu wake zaidi ya futi 1,100.

Babu alikuwako huko, dereva wa lori. Alizoea kusema kwamba tope la Kabaw ndilo lililokuwa shule yake. Lori likizama, hapakuwa na karakana wala mwalimu. Palikuwa na yeye, jeki, na giza. Huko ndiko alikojifunza kufungua injini na kuirudisha. Kila parafujo aliyoitoa aliilaza juu ya kitambaa kwa utaratibu wake, na desturi hiyo hakuiacha mpaka uzee.

Alirudi kwao Iringa mwaka 1946. Serikali ilikuwa imefungua mafunzo ya ufundi kwa walioacha jeshi huko Mgulani, Dar es Salaam, lakini yeye hakupata nafasi. Akaandikwa kazi ya barabara, kati ya Iringa na Mbeya. Siku zile lami ilikuwa bado. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilijengwa kati ya 1968 na 1973. Kila masika udongo ulikatika, makalavati yakazibuliwa, na mitambo ikafa njiani. Wenzake walimwita Injinia, kwanza kwa mzaha, halafu kwa kweli, kwa maana mtambo ukigoma karibu na Makambako, yeye ndiye aliyeitwa, hata usiku.

Nyumbani alikuwa baba. Mshahara wake aliukabidhi kwa bibi, ambaye kwa shamba lake la mahindi na viazi ndiye aliyelisha watoto 7. Jumamosi jioni aliwaketisha uani, wa kiume na wa kike pamoja, akawafungulia dainamo ya baiskeli na kuwaambia waifunge wenyewe. Shule ya Ufundi ya Ifunda ilipofunguliwa mwaka 1951, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, alipita pale na lori lake akasimama kuitazama. Mwanawe wa kwanza alisoma pale. Leo binti wa shangazi yetu asomea uhandisi hapa Mbeya, katika chuo kilichoanza kuwa chuo cha ufundi mwaka 1986, na ambacho mwaka 2012 kilikuwa Chuo Kikuu.

Sasa, ndugu, twafika penye uchungu. Mwaka 1976 babu alistaafu. Faili lake lilipofunguliwa, ikaonekana kwamba miaka yote 29 aliandikwa kibarua. Siku ya kwanza alimpa karani cheti chake cha jeshi, nacho kilionyesha ufundi wake. Yule karani, kijana wa shule kama sisi, hakukifunua. Akalipwa haki ya kibarua. Alikwenda ofisini mara tatu, na mara zote tatu akaambiwa, Njoo kesho. Mara ya nne hakwenda.

Hakutusimulia jambo hilo kwa hasira. Tulipokuwa darasa la nne, yeye akiwa hawezi kuona vizuri, alituita tumwandikie barua zake. Tukiandika jina la mtu tu, alitusimamisha: "Andika na kazi yake." Tulidhani ni desturi ya wazee. Alifariki mwaka 2001, nasi tulikuwa tumekwisha kuwa watu wazima ndipo shangazi alipotueleza habari ya lile faili.

Yatupasa tukiri. Mwaka jana juu ya meza yetu lilikuwako faili la fundi mitambo anayekaribia kustaafu. Lilikaa siku 9. Fundi mwenyewe alikuja, amevua kofia, nasi tukamwambia aje kesho. Alipokuwa akienda mlangoni tulikumbuka babu, tukamwita arudi. Tulilifunua faili mbele yake. Cheo chake kilikuwa kimeandikwa vibaya tangu mwaka wa kwanza.

Hoja yetu basi ni hii: kila mwanachama, kabla ya mwisho wa mwaka, ayafunue mafaili ya mafundi, madereva na vibarua walio chini ya ofisi yake, alinganishe vyeti na vyeo, na palipo na kosa aandike masahihisho wakati mwenyewe yungali kazini. Fundi akikosea parafujo moja, gari husimama na kila mtu huona. Sisi tukikosea neno moja, hakuna kinachosimama. Ndiyo sababu kosa letu huweza kukaa miaka 29.