Shikamoo kwa Nyimbo za Kale



Wapendwa wasikilizaji, sisi wa Ipuli na Tabora nzima twaikumbuka Kiko Kids, bendi iliyovuma hapa kwetu tangu miaka ya 1950. Katika miaka ya 1990 kiongozi wake, Mzee Salum Zahoro, aliungana na wakongwe wenzake wa Shikamoo Jazz, Dar es Salaam, wakazipiga upya nyimbo za ujana wao. Maneno hayakubadilika, lakini miaka ilikuwa imeyaongezea uzito. Kijana huimba pendo analolitamani. Mzee huimba pendo lililomgharimu.

Katika Injili ya Mathayo, Bwana anamfananisha mwanafunzi wa Ufalme na mwenye nyumba atoaye hazinani mwake vitu vipya na vya kale. Hapo nasi tulikosa. Tulipoipanga upya kwaya ya parokia, tuliwapumzisha wazee kwa kuwa sauti zao zilitetemeka. Baadaye tuliitwa kumpaka mafuta matakatifu bibi mmoja miongoni mwao. Akaanza kuimba Salamu Maria, sauti ikitetemeka vile vile. Ombi lile la saa ya kufa, tulilowafundisha watoto miaka mingi, siku ile ndipo tulipolisikia.

Jumapili iliyofuata tuliwaomba wazee radhi, wakarudi kwayani.

Je, nyumbani mwako yuko aliyenyamazishwa na uzee? Leo, kabla ya chakula, mwamkie, kisha umwombe wimbo mmoja. Umsikilize mpaka mwisho.

Amina.