Theluthi Niliyoisahau

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa hapa Kashai kupima rundo la mchanga wa ujenzi. Lilisimama kama msonge, umbo la pia kamili. Darasani tulipewa nusu kipenyo. Pale ilikuwa imefukiwa mchangani! Nikazungusha kamba chini: meta 12.56. Nikagawa kwa 6.28, nikapata 2. Kimo, meta 1.5. Nikaandika meta za ujazo 18.84, nikatia sahihi.

Usiku nikashtuka. Pia ni theluthi tu ya mcheduara wenye kitako na kimo kile kile: mchanga ulikuwa 6.28. Alfajiri nikamwendea mkubwa wangu, fedha za umma hazijalipwa. Alinitazama kitambo, akanirudishia hati pamoja na kalamu nyekundu.