Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Leo nataka nikusimulie habari za jirani yangu, mama mmoja mtu mzima wa Mji wa Kale, Mombasa. Mtaa mzima tulimwita Bibi. Hatukuwa na udugu wa damu, ila mlango wake na wetu ilitazamana, katikati kichochoro tu.

Nilipokuwa na miaka 13, kila Ramadhani mama alinipa sahani niipeleke kwake kabla ya Magharibi. Leo muhogo wa nazi, kesho mbaazi na mahamri, siku nyingine tambi. Mimi nilikuwa napiga hodi, naweka sahani, natoka mbio kwa wenzangu. Nikiona haki ya jirani nimeshaitimiza. Kumbe wapi!

Siku moja akanishika mkono. "Mjukuu wangu, una haraka gani? Keti nami hata tende moja."

Nikaketi, kwa haya tu. Ndipo nikajua kuwa Bibi ana kisukari na daktari amemkataza kufunga. Watoto wake wako mbali. Akaniambia: "Fidya natoa, na hiyo ni ruhusa yake Mola, sina wasiwasi. Lakini jua likichwa, nikisikia sahani zalia nyumba za watu nami niko peke yangu, naona kama Ramadhani imepita mlangoni kwangu haikuingia."

Ndugu yangu, mimi nilikuwa nikimpelekea chakula mtu mwenye njaa ya watu.

Tangu siku hiyo tukafuturu pamoja, Ramadhani 4. Baada ya kula nilimsomea Qur'ani. Macho yake hayakuona tena herufi, lakini sura nyingi alikuwa nazo kifuani, na nikikosea alikohoa. Akikohoa mara mbili, najua nirudi mwanzo wa aya! Alinieleza nani mtaani ni nani, na nani aliteta na nani wakapatana. Nikaona nina rafiki, ati rafiki wa miaka sabini na kitu.

Na sahani yetu haikurudi tupu hata siku moja. Ndimu mbili, kipande cha halua, au asumini za mama. Siku moja ilirudi na iliki chache tu. "Leo ndizo nilizo nazo," akasema, akacheka.

Kisha nikaenda Nairobi kusoma. Ramadhani ya kwanza sikurudi nyumbani. Mama akanipigia simu: "Bibi akuuliza kila siku." Nikasema, "Mwambie nitakuja Idd." Idd ikafika, nikaenda kutembea na wenzangu. Shawwal haijaisha, simu ikaja. Nilipofika Mombasa wameshazika.

Mama akanitolea sahani yetu kabatini. Bibi aliirudisha siku ya Idd, na juu yake tende 3 katika karatasi. "Hizi za mjukuu wangu, akija." Wallahi, sijapata kula kitu kizito kama tende zile.

Ndugu zangu, katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Jibril alimuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mpaka akadhani atafanywa mrithi. Naye Bi Aisha (R.A.) alipouliza, katika majirani wawili ampelekee nani zawadi, alijibiwa: yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Basi usitafute mbali.

Wewe kijana unayesoma haya, hebu fikiri: ni mzee gani yuko karibu na mlango wako? Pengine anaishi ghorofa ya chini, nawe wampita kila siku ukitazama simu. Usimwambie "Idd nitakuja". Nenda leo, ukae. Na wewe mzazi, ukimtuma mwanao na sahani, mwambie asirudi mbio. Hata kama jirani si Mwislamu, haki yake ya ujirani iko pale pale.

Mimi sikuwahi kumuomba Bibi radhi. Lililobaki ni dua, na sahani ile, ambayo sasa naipeleka mlango mwingine. Nikifika, nakaa.

Ewe Mola, wasamehe na uwarehemu majirani zetu waliotangulia, yafanye makaburi yao yawe na nuru, na utujaalie tuwahi walio hai. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.