Mtoto akiomba kwenda kambi



Vakansi imekaribia. Vikundi kama Xaveri, iliyozaliwa Bukavu mwaka 1952, vinakusanya watoto kambini. Siye tuliokimbia, neno "kambi" linatuumiza. Wengi tuliishi Nyarugusu ao Lugufu, kule Tanzania. Mtoto akisema "Mama, naenda kambi," unaona hema na mstari wa kungoja unga. Yeye anaona ngoma na wenzake. Basi tutenganishe woga wetu na woga wake.

Umri peke yake hautoshi. Jiulize: amekwisha kulala siku mbili kwa shangazi bila kulia? Anaoga na kupanga vitu vyake mwenyewe? Akiumwa, ao mtu akimgusa vibaya, atasema? Hili la mwisho ndilo kubwa. Mtoto anayeogopa kusema, abaki kwanza, mumfundishe.

Viongozi nao waulizwe: nani analala karibu na watoto? Wasichana wanalala wapi? Chandarua kipo? Barabara iko salama? Kama hawana jibu, mtoto asiende. Na akitoka huku Luvungi kwenye joto kupanda Bukavu, apewe blanketi. Baridi ya kule usiku si ya kuchezea.

Mimi binti yangu nilimkatalia mwaka jana. Nilisema bado mdogo. Kumbe yeye alikuwa tayari. Mimi ndiye nilikuwa bado. Mwaka huu ataenda.